Kilima Nilichokipaka kwa Bomba la Pamba

Leo nimepaka rangi kilima kizima kabla chai haijapoa. Laiti ningetumia brashi!

Ni kilima cha maboksi, cha mchezo wetu wa vita wa mezani. Brashi inachosha, jamani.

Nikachukua bomba la kupulizia dawa ya wadudu wa pamba, nikalisuuza, nikatia rangi ya kijani. Pshiii! Kikapendeza hasa.

Nikakianika uani.

Sasa, nyasi zake nilizitengeneza kwa pumba za mahindi. Kuku wa mama wakazidonoa.

Wakalala chali.

"Hilo bomba uliliosha kwa sabuni?" mama akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Nilidhani atalilia kuku wake. Akawaruka, akamnyanyua binti yangu aliyekuwa akitambaa kando ya kilima, akaanza kumnusa vidole.

Naandika nikiwa zahanati, binti yangu anapimwa. Leo msinicheke.