Wimbo Aliouposa Kamenu

Jumatatu asubuhi, nikiwa natafuta miwani yangu chini ya magazeti, mpiga ngoma wa bendi moja ya Ruiru alinipigia simu. Hakunijulia hali. Alisema tu, "Mzee, ametuacha," nami sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Alikuwa yule mwimbaji wa rock wa Kiuu, mwanamke ambaye hakuwa ametimiza hata miaka arobaini. Mapafu yalikuwa yamemsumbua kwa miezi mingi, nasi tuliokuwa tukienda kumtazama hospitalini tulijua mambo yanaelekea wapi, lakini kujua mapema hakukupunguza chochote. Niliketi jikoni nikalia, na mke wangu akazima jiko akaja kuketi nami.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi na kelele hatupikiki chungu kimoja. Nimeshaandika hapa dhidi ya spika za maduka na spika za mahubiri, mpaka nikaitwa adui wa maendeleo. Basi mtashangaa nilijuana vipi na mwimbaji wa magitaa ya umeme, mwenye buti nzito na jaketi jeusi la ngozi. Tulijuanishwa na suruali. Siku za kazi alikuwa fundi wa nguo, na katika kibanda chake pale Ruiru alishona sare za shule. Nilimpelekea suruali yangu aipanue kiunoni. Ama mimi nilikuwa nimenenepa au suruali ilikuwa imerudi kwa kufuliwa, na baada ya kunitazama vizuri aliamua, kwa adabu, kuilaumu suruali. Alipokuwa akiifumua, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa mapenzi wa enzi za ujana wa mama zetu. Nikamuuliza ameutoa wapi wimbo uliomzidi umri. "Ni wa mathe," akaniambia bila kuinua uso. "Alikuwa anachuma kahawa hapo juu akiuimba, mimi nimefungwa mgongoni. Hizo nyimbo nilizijua kabla nijue kuongea."

Hapo juu alipotaja, kama mnavyojua, hakuna kahawa tena. Mibuni iling'olewa, yakaja magorofa, na katika magorofa hayo kila mtu ana redio yake na mlango wake wa chuma. Sitaki kujifanya mtu wa kulilia mibuni. Wachumaji wake walirudi nyumbani na migongo iliyovunjika na mfuko mwepesi. Lakini walikuwa wakiimba, na mama mmoja akianza mstari upande huu, mwingine aliupokea kule chini ambako hawakuonana. Siku hizi tunalala tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na sijui jirani yangu anapenda wimbo gani. Ninachojua ni anapenda kuusikiliza kwa sauti kubwa kiasi gani.

Kwa miaka mingi marehemu alikuwa akiimba nyimbo zake mwenyewe, za hasira, mbele ya vijana waliorukaruka. Kisha akaamua kuzichukua zile za mapenzi za zamani na kuziimba kwa mtindo wake. Nilikuwepo mara ya kwanza alipofanya hivyo, kwenye ukumbi mmoja mjini Thika. Wazee walikuwa wameona tangazo la zilizopendwa, wakaja wamevalia makoti na kofia zao za Jumapili. Alipotokea mbele yao amevaa nyeusi tangu kichwani hadi miguuni, mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Haiya! Ni nani amekufa?" Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka nao. Baadhi waliinuka wakaenda zao gitaa lilipoanza kunguruma. Waliobaki walisikia jambo ambalo hawakulitarajia, kwa sababu aliziimba polepole, na pale ambapo bendi za zamani zilichezesha watu, yeye alisimama akalia. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alivua kofia akaishikilia kifuani mpaka mwisho. Baadaye nilimuuliza mwimbaji kwa nini anautesa hivyo muziki wa starehe. "Maneno yenyewe si ya starehe," akanijibu. "Skiza vizuri. Huyo jamaa ameachwa, hali wala halali, halafu nyinyi mnacheza."

Kuna wimbo mmoja alioutaka kuliko zote. Siutaji jina, lakini hakuna mtu wa Thika asiyeujua, kwani ni mara chache bibi harusi wa huku kuingia ukumbini bila huo. Aliyeutunga alikuwa na bendi iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli ile ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Yeye alifariki zamani, na mjane wake anaishi mtaa wa Kamenu, hapo hapo Thika. Wenzake mwimbaji wetu kwenye bendi walimshauri akaombe ruhusa ofisi ya hakimiliki. Akakataa, akasema wimbo huo una nyumbani kwao, na mtu huanza nyumbani. Akaandaa ujumbe kama wa kwenda kuposa: shangazi yake, mpiga gitaa, mpiga ngoma, na mimi niliyeteuliwa kuwa msemaji kwa kuwa nina mvi na naandika gazetini. Tulibeba kreti za soda, sukari, unga, na blanketi la yule bibi mjane.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu atalielewa mara moja. Mkiingia kwa mtu Jumamosi mmepanga foleni, shangazi ametangulia na kikapu, mzee mwenye koti yuko katikati, wenyeji hawawaulizi mmekuja kufanya nini. Wakaza mwana walitoa viti, chai ikawekwa jikoni, na mmoja akatoka mbio kwenda kumwita kitinda mimba wa pale, bwana wa miaka arobaini na kitu ambaye alikuwa akiosha pikipiki na hakuwa ameoa. Akaletwa shati likiwa limelowa, akaketishwa mkabala na mgeni wetu mwenye buti. Bibi akawatazama wote wawili. "Kwani siku hizi ni wasichana wanakuja kuposa?" akasema. "Ni sawa. Mimi sina shida. Huyu mumchukue hata leo, nimechoka kumpikia." Tulicheka mpaka shangazi akafuta machozi kwa leso, na yule bwana maskini alionekana yu tayari kufungasha.

Kicheko kilikwisha niliposema tumekuja kwa ajili ya wimbo. Bibi aliweka kikombe chini. "Wimbo wa mzee?" "Ndiyo, Cucu," marehemu akajibu mwenyewe, akimwita bibi kwa Kikuyu na kuniondolea usemaji. Bibi akamwambia kwamba wimbo huo kila mtu hujichukulia tu, wa harusi na wa siasa, na huyu mgeni ndiye wa kwanza kubisha mlango. "Basi uimbe hapa nisikie." Mpiga gitaa akachukua gitaa lisilo na umeme, na mwanamke wa rock akaimba ameketi kwenye kochi, mikono magotini, polepole sana, akiuliza kila mstari kana kwamba anangoja kujibiwa. Alipomaliza, bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akatueleza kwamba mumewe aliutunga walipokuwa wamekosana, yeye amerudi kwa baba yake, mume akaja akauimba hivyo hivyo nje ya mlango, mchana kweupe, majirani wakimtazama. Bendi ndiyo iliyoukimbiza baadaye, ili watu wacheze. "Huo ndio," akasema. "Ngai! Nilifikiri nilikuwa nimeusikia mara ya mwisho."

Mngedhani posa ilikuwa imekubaliwa pale pale. Lakini bibi alisema, "Usiurekodi kwanza, mami. Nipe muda. Uje tu uniimbie." Nilimwelewa wakati ule na namwelewa hata sasa. Ule wa harusi ulikuwa umeshakuwa wa kila mtu, na huu wa polepole ulikuwa wa mlango wa baba yake. Alitaka akae nao kidogo peke yake kabla ya kuutoa. Marehemu akakubali. Akawa anatoka Kiuu kila Jumapili mchana kwenda Kamenu, anaimba, anakunywa chai, anarudi, na akiuliza kama wakati umefika anaambiwa bado kidogo. Nyimbo nyingine zilitoka, zikapendwa hata na vijana ambao hawakujua kwamba mabibi zao waliwahi kupendwa. Huo haukuwemo. Wenzake walimsihi aurekodi kimya kimya, kwani bibi hasikilizi mambo ya mitandao. "Mimi niliingia kwake kwa mlango," akawaambia. "Siwezi kutoka na wimbo wake kwa dirisha."

Kisha kikohozi kikaanza, na Jumapili moja hakwenda, na ile iliyofuata hakwenda. Bibi alipopata habari alimwamuru yule kitinda mimba ampeleke hospitalini. Nilikuwa kando ya kitanda alipoingia na fimbo yake, akiwa amejifunga lile blanketi tulilompelekea. Hakusalimia mtu. Aliinama akasema, "Mami, nimekubali. Rekodi. Hata waite redio." Marehemu akamshika mkono. "Asante, Cucu," akasema. "Sasa ni pumzi imekataa." Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama yule bibi.

Tulimzika shambani kwa mjomba wake, mashariki ya Thika. Kanisa liliimba tenzi, bendi ikasimama nyuma na mikono mitupu, na walioombwa kusema walisema yale yasemwayo makaburini. Mama yake, aliyezijua nyimbo zile kwanza, alipewa kipaza sauti akakipitisha kwa aliyefuata. Bibi wa Kamenu alipopewa kipaza sauti, wengi walidhani angeimba. Alisema, "Mimi ndiye nilimwambia asubiri." Akaligeukia jeneza. "Nilikuwa nakusikiliza peke yangu, mami. Unisamehe." Akarudisha kipaza sauti, na yule kitinda mimba akamshika mkono wakarudi kuketi.

Simlaumu. Alikuwa akichunga kilichobaki cha mumewe, na nani kati yetu hana kitu anachokichunga namna hiyo, mzee na ufundi wake, baba na baraka zake, mwenye shamba na kipande alichokwisha kumkusudia mtoto lakini hajatamka? Hatukatai. Tunasema bado kidogo, kwa sababu anayesubiri anatutembelea na kutupenda, na tunaona kwamba tukishatoa hatakuja tena. Tumefundishwa kwamba subira huvuta heri, na huenda ni kweli kwa anayesubiri. Wanaowasubirisha wenzao hatujawahi kuwatungia methali ya kuwafariji.

Tuliousikia wimbo ule siku ile ya posa nyumbani kwa bibi hatukuwa wengi, na hakuna aliyekuwa ameunasa kwenye simu, maana ingekuwa utovu wa adabu. Tangu mazishi nimekuwa nikikaa nikijaribu kuurudisha kichwani jinsi alivyouimba, pale alipokokota na pale alipovuta pumzi. Maneno ninayo yote. Lakini sauti inayonijia ni ile ya harusini, ya haraka, ya watu kucheza, na kila ninapoisukuma kando inarudi. Mpiga gitaa ananiambia naye ni hivyo hivyo. Msomaji wangu, kama yupo mtu anayengoja neno lako, na moyoni ulishakubali siku nyingi, mpigie leo umwambie, angali na pumzi ya kuimbia.