Siku Nilipombatiza Kambo

Enzi zetu, hapa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa, ubatizo uliutolea jasho. Mliokulia kambini kama mimi, watoto wa wafanyakazi wa mgodi, mnaijua ile miaka miwili ya katekisimu: tumekaa chini kwenye mikeka, moshi wa kiwanda unatukereketa koo, mwalimu wa dini ana fimbo mkononi. Majibu yalitakiwa neno kwa neno. Ukiruka moja, unarudi mwanzo.

Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, alirudishwa mara nne. Mara nne! Mama huyu alitoka kijijini Mitwaba akiwa mjane, akasali akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akasali akisonga bukari, ugali wetu, na sahani ya kwanza ikaenda kwa jirani mgonjwa huku sisi tumetoa macho. Lakini mwalimu alipouliza Mungu ni nani, alijibu kwa maneno yake.

"Ni Ule anatusikilizaka wakati bantu bote bamechoka."

"Hapana! Haiko vile mu kitabu. Kaa chini!"

Kambo alirudi nyumbani akibamiza milango.

Msimu wa mvua homa ikamwangusha. Padri alikuwa safarini, na mwalimu alikataa kuja: hajafaulu mtihani, atabatizwaje? Baba alisimama mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi, na katekisimu ilikuwa imenifundisha kwamba mtu akiwa karibu kufa, yeyote anaweza kumbatiza. Nikachota maji mtungini kwa kikombe cha bati.

"Kambo, unaamini?"

Akafungua jicho moja. "Na wewe pia unaniuliza? Niliamini mbele baba yako azaliwe. Mwanga mayi, we mutoto!"

Nikammwagia kichwani, nikayasema maneno yote, nikampa na jina. Maria.

Siku ya tatu akaamka, akadai bukari. Mwalimu akaja mbio: mgonjwa hakufa, kwa hiyo ubatizo ni bure! Kelele zile zilidumu wiki nzima, hadi padri aliporudi. Aliniambia nirudie maneno niliyosema, kisha akamgeukia Kambo kumuuliza kama anaamini.

"Mon père, nimechoka kuulizwa!"

Padri akacheka, akafungua daftari lake, akaandika Maria. "Mwalimu, hatuwezi kumubatiza mara ya pili," akasema. "Na imani, alikuya nayo yeye mwenyewe."

Kambo alilia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba.

Sasa Kambo ni mimi, na mtazameni mjukuu wangu. Amebatizwa mara tatu, kila akihamia kanisa jipya. Mara ya tatu ilikuwa kwenye piscine, bwawa la kuogelea la villa moja kule mtaa wa Golf, shati jeupe, mpiga picha naye ndani ya maji. Kambo wangu aliililia ile mara moja tu, na ikamtosha hadi kaburini. Nikamuuliza kijana, safari hii unaamini nini?

"Attends, Kambo, ninatuma kwanza picha."

Nangoja jibu. Huu ni mwezi wa pili.