Ndege Iliyomkalisha Mama Barabarani

Ndugu zangu, leo nimemkosea mama.

Nilimtumia salamu za majigambo: Dar hadi Tanga kwa ndege ya asubuhi, hata saa moja haifiki!

Safari ya gari kutoka Tanga kupanda hadi kwetu Soni sikuitaja.

Basi akaomba ruhusa kwa balozi wa nyumba kumi, akaacha shamba la ujamaa, akanisubiri barabarani tangu asubuhi.

Nikafika jioni. Tena (msinicheke) Korogwe nilishuka nikala wali nyama, taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole mwanangu, ndege iliwaharibikia?"

"Ndiyo mama, kidogo."

Akafunua makande yaliyopoa. "Nilikungoja tule wote."

Nikala, tumbo limejaa. Nyie mngemwambia ukweli?

Sasa hivi kapiga magoti, anamshukuru Mungu ile ndege haikuanguka.