Mafundo ya Kalenga

Ukipita kwenye nyumba za kampuni kule Shituru, mjini Likasi, utamkuta mzee Kalenga amepiga magoti kando ya njia, anafungua majani yaliyofungwa fundo. Majirani huwagombeza watoto, maana watoto wana mchezo wa kufunga majani ili mpita njia ajikwae. Watoto huapa kwamba si wao. Nani amsikilize mtoto? Wengine husema mzee ameingiwa na wazimu. Hana wazimu hata chembe, na laiti angekuwa nao, pengine angelala usingizi.

Kabla nchi haijaanguka, Kalenga alikuwa kiongozi wa wawindaji. Wazungu walikuja kutoka Ulaya na bunduki zao ndani ya masanduku, naye akawapandisha milima ya Mitumba kutafuta swala wakubwa kama pofu na korongo, na hasa mbuzi-mawe, yule swala mdogo anayesimama kwenye ncha ya jabali bila kujali kwamba chini yake hakuna kitu. Kalenga alitangulia, mzungu akahema nyuma yake, na pembeni alikuwa Germain, msoma nyayo. Huyo Germain alizaliwa Likasi, ila babu yake aliletwa na reli kutoka Kasai. Wakati ule hakuna aliyelitia jambo hilo maanani. Kalenga ndiye aliyemsimamia kanisani siku alipomwoa Bibiane, na kwa utani walikuwa hawaachani.

Wapagazi walikuja nyuma sana, kubeba nyama. Ili wasipotee, Kalenga alikuwa na desturi yake: kwenye kila njia panda, bila kusimama, mkono wake wa kushoto ulishika majani marefu na kuyafunga, kichwa cha fundo kikielekea alikokwenda. Mpagazi akiliona alijua kwamba anaitwa, na kwamba kuna nyama. Kalenga alifunga huku akiongea, huku akicheka, huku akimsikiliza mzungu akisimulia habari za mke wake. Mwishowe hata yeye hakujua tena kwamba anafunga. Mazoea yana taabu, na mkono ukishajifunza kazi hauombi ruhusa.

Kisha mambo yakaharibika. Maduka yaliporwa, wazungu wakaondoka, moshi wa kiwanda ukakonda hadi ukakatika. Halafu mitaani kukazuka neno baya, kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Vijana wenye mapanga walitoa watu majumbani, na familia zikalundikana kwenye gare, stesheni ya Likasi, zikisubiri treni ambayo haikuja. Watu waliozaliwa hapa waliharisha na kufa pale kwenye reli, huku wenzao wa shule wakipita na kugeuza uso. Aibu ile haijatoka mjini mpaka leo, hata kama tunaipaka chokaa.

Germain alimjia Kalenga alfajiri. Bibiane alikuwa na mimba kubwa.

"Mu gare bantu banakufa kila siku," alisema. "Hawezi kuzala kule."

Alitaka wafichwe katika pango lililoko milimani, nyuma ya Buluo, ambako zamani walikuwa wakikausha ngozi, mpaka treni ifike. Kalenga hakujadili. Walipofika mwanzo wa njia, Germain alijaribu kucheka.

"Leo miye njo muzungu yako," alimwambia. "Pita mbele."

Kalenga akapita mbele kama kawaida. Penye mwinuko mkali Germain alimbeba Bibiane mgongoni, kichwa ameinamisha, macho kwenye miguu yake tu. Msoma nyayo hodari wa milima yote ile hakusoma kitu siku hiyo. Kalenga aliwaachia unga na chungu, kisha akashuka kwa njia nyingine, ya upande wa Kamatanda, ili asionekane.

Alirudi siku chache baadaye na samaki wakavu, akapita njia ya kwanza. Kwenye njia panda aliona majani yamefungwa fundo. Alijiuliza ni nani aliyepita. Kisha akaona jinsi lilivyopindwa, kwa mkono wa kushoto, akalijua kuwa ni lake mwenyewe. Akakimbia. Kila njia panda ilikuwa na fundo lake, na nyasi pembeni zilikanyagwa na miguu mingi. Pangoni alikuta chungu juu ya mafiga, bukari, ugali wao, imeganda ndani, na kitenge cha Bibiane kimeanikwa kwenye jiwe. Hapakuwa na damu, wala hapakuwa na mtu. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Nje ya pango ni mwamba mtupu, na kwenye mwamba ni Germain peke yake aliyejua kusoma.

Hakumwambia mtu, hata mkewe Mélanie. Treni zilipoanza kuja hatimaye, kila iliyoondoka alikwenda kutazama nyuso madirishani.

Miaka ikapita, utawala mwingine ukaingia. Arsène, aliyekuwa mpagazi wake na baadaye akatembea na vijana wa mapanga, sasa aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye kona. Kalenga alikuwa akizunguka mbali asikutane naye. Siku moja mvua ilimsukuma chini ya turubai lake. Arsène alisimama, akampa kigoda kwa heshima.

"Tulikuwa na njala, Papa," alisema bila kuulizwa. "Tuliona mafundo yako. Tukasema: Papa Kalenga anatuita, iko nyama."

Kalenga alijiinua nusu kwenye kigoda.

"Mulikuta nini?"

"Chungu tu, Papa. Bantu hapana."

Alisema hivyo akiwa ameinama, anajaza makala kwenye mfuko ambao tayari ulikuwa umejaa. Kalenga, aliyesoma milima maisha yake yote, aliutazama uso ule na hakupata kitu.

Mvua ilipokatika aliondoka taratibu, akiyarudia maneno yale kichwani. Mlangoni pake aligeuka. Kutoka kwenye kona ya Arsène mpaka kizingitini, kila njia ilipogawanyika, majani mabichi yalikuwa yamefungwa fundo, kichwa kikielekea nyumbani kwake. Akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelowa, na vidoleni palikuwa na utomvu wa kijani.

Akapiga magoti, akaanza kufungua.