Nilisaini kilo za ndege, muuza maziwa akabeba kosa langu

Admin, naomba ufiche jina langu. Mi ni baba wa miaka hamsini na tano, niko na bibi na batoto bane, tunaishi hapa Baraka. Siku hizi natengeneza moteri za mitumbwi. Batu bengi ba hapa habajui kama wakati wa vita nilikuwa fundi wa ndege, na mi mwenyewe nilipenda basijue. Sasa Jumamosi inakuja na sina tena pa kujificha.

Wakati wa ile vita ya pili, barabara ya kushuka ziwani ilifungwa. Kule juu, upande wa Kilembwe, tulibakia na kiwanja kimoja cha udongo na ndege moja ndogo. Ilileta chumvi na dawa, ikarudi na magunia ya muhogo mukavu, na batu bakikaa juu ya magunia. Kazi yangu ilikuwa kuangalia moteri na kupima mizigo. Rubani alikuwa mugeni, kwa lugha yetu alijua neno moja tu: "Kilo?" Nilimupa karatasi yenye sahihi yangu, akaamini, akaruka. Mwalimu wangu wa Bukavu alitufundisha kama fundi akisaini, amechukua roho za batu mukononi. Nilikuwa kijana, nilimuona anazidisha.

Sasa musikie kosa lenyewe. Kwetu gunia likishapimwa, kilo zinaandikwa juu yake na makaa, na namba ya makaa haiguswe tena. Ukipima mara ya pili, mwenye mali anaona unamuita mwizi, na kesi haiishe. Ile siku magunia yalikuwa yamepimwa jana yake, yakalala inje, mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Kila mama wa Fizi anajua muhogo mukavu unakunywa maji namna gani. Mi pia nilijua. Nilinyanyua gunia moja, mugongo wangu ukakataa. Mwenye mizigo akaniona. Akasema, "Fundi, soma namba. Si iko pale?" Nikasoma namba, nikajumlisha, nikasaini.

Halafu mudogo wa bibi yangu akafika, binti wa miaka kumi na tisa, na nguo zake ndani ya kitenge. Alitaka kukimbilia Bukavu kwa shangazi yao, juu vita ilikuwa inatukaribia. "Shemeji, nafasi haiko?" Nikamuambia iko. Nilimunyanyua mi mwenyewe nikamuweka juu ya yale magunia.

Ndege ilikimbia kiwanja chote mpaka kwenye majani, ikapanda kidogo, ikashindwa kupita kilima. Hatukusikia bunduki. Tulisikia moteri inalia kwa uzito, na ule mulio ungali unanisumbua nikiwa kazini. Walikuwa batu saba, hakuna aliyepona. Nilipofika pale niliangalia mabati yote ya ndege kipande kwa kipande, sikuona tundu la risasi hata moja. Mukubwa wa bapiganaji ba upande wetu akaniuliza mbele ya batu, "Fundi, bamepiga risasi?" Nikajibu, "Inaweza kuwa risasi." Nilifikiri nimejiokoa na sijaumiza muntu.

Basi bakatafuta mupigaji. Karibu na kile kilima kulikuwa muzee mumoja wa batu ba milima, kabila lililoshukiwa kuwa na adui, mufugaji wa ngombe, aliyekuwa anatuletea maziwa kila asubuhi pale kiwanjani. Mutoto wangu wa kwanza alikunywa maziwa yake. Bakasema njo yeye aliyeonyesha adui njia ya ndege. Alipopitishwa mbele yangu, mikono imefungwa, akaniita. "Fundi, baambie. Wewe unajua ndege inaangukaka kwa sababu gani." Nikaangalia viatu vyangu. Hakurudi tena. Bibi yake akakimbia na batoto.

Miaka imepita. Mwaka huu ule mama amerudi, anauza maziwa hapa sokoni, anaomba kurudishiwa shamba la bwana yake kule juu. Familia za wafu zinakataa, zinasema haziwezi kukaa na nyumba ya muuaji. Na mwenye kukataa kuliko wote ni bibi yangu, juu ya mudogo wake. Kila mwaka anaomba misa ya yule binti. Tukitoka kanisani analaani nyumba ya yule muzee, na mi pembeni yake naitika amina. Mungu anisamehe.

Jumatatu ule mama alinifuata kazini. Hakulia. Alikaa juu ya moteri moja ya zamani akaniambia, "Baba, Jumamosi bazee batakuita kanisani useme ulichoona. Mi sitafute shamba tu. Batoto bangu banaitwa batoto ba muuaji. Wewe ulikuwa pale. Alifanya?"

Nikamuambia anipe siku nifikiri.

"Nimengoja miaka hii yote," akasema, "mpaka Jumamosi si mbali." Akaniachia chupa ya maziwa, akaenda.

Niliileta nyumbani, sikusema imetoka kwa nani. Bibi yangu aliitia ndani ya chai, akanimiminia, akasema ni maziwa mazuri, ninunue tena pale pale. Nikatoka inje na kikombe, nikaimwaga.

Nikisema ukweli, bibi yangu atajua kama aliyemupeleka mudogo wake kwa kifo ni mi, kwa mikono hii anayoishika kila siku. Batoto bangu njo bataitwa batoto ba muuaji. Nikinyamaza, nitakuwa nimesaini ile karatasi mara ya pili, na safari hii sitaweza kusema nilikuwa kijana. Silale, sikule, nyundo inaniangukia miguuni.

Ndugu zangu, munitukane, nimestahili. Lakini mukimaliza kunitukana munishauri: nianze na bibi yangu hapa nyumbani, ao angoje asikie kanisani pamoja na bote? Leo ni Alhamisi, na asubuhi hii ameniuliza tena maziwa yako wapi.