Kona ya Dukani kwa Dativa

Fundi cherehani wa barazani hapa Bukoba mjini hushona na pini mdomoni, akiimba puani. Kila akiingia duka la Dativa kuchaji simu, huvua kofia na kukata kona katikati ya sakafu tupu. Wateja hutazama chini wakidhani pamemwagika maji.

"Mzee, unakwepa nini?" Dativa alimuuliza leo.

Akatoa pini. "Hapa palikuwa kilabu cha lubisi, pombe ya ndizi. Mama mkwe wangu aliiuzia hapo katikati. Kwa mila yetu, mkwe hampitii mama mkwe karibu."

"Si alishafariki?"

"Kuuza ameacha. Ukwe haujaisha."

Dativa alicheka mpaka machozi. Jioni wabebaji walipotua kabati jipya la vioo pale katikati, akajikuta anawaambia, "Sogezeni ukutani. Hapo pana mama anauza."