Kofia ya Zuwena iliyobaki Leningrad

Wakubwa zangu humu, kama mpo, shikamooni. Wadogo marahaba, hata kabla hamjaniamkia.

Mimi ni mzee wa Kipemba, mzaliwa wa Kengeja, themanini nimeshaiacha nyuma. Humu jukwaani kaniingiza mjukuu wangu, na siku zote kazi yangu ni kusoma nyuzi za wenzangu na kucheka peke yangu. Leo na mimi nashusha wangu.

Atakayesema ni chai, yaani stori ya kutunga, basi ajue hii chai nimeinywa mwenyewe.

Jana kuna mkuu mmoja kaweka picha za matembezi yake Urusi, mji mkongwe wa St. Petersburg. Majumba ya rangi rangi, mifereji, madaraja, simba wa mawe. Picha moja nimeitazama mpaka simu ikazimika mkononi.

Pale alipopigia nimepata kusimama mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla ya Mapinduzi, na mji ukiitwa Leningrad.

Nilipata skolashipu. Enzi zile Mwingereza hakupenda twende huko, kwa hiyo ukiulizwa unasema unakwenda Misri kusoma. Hatukusema uongo, Misri tulipita kweli. Tulipita tu.

Kabla sijaondoka wazee walikuwa wameshaniposea. Msichana akiitwa Zuwena, wa Vitongoji. Nilikuwa namjua kwa kumwona kwa mbali, na hilo kwangu lilitosha, maana nilishampenda.

Vijana mtacheka, lakini wakati ule kwetu mchumba haandikiwi barua. Ni aibu kwako, kwake na kwa ukoo mzima. Unaandika kwa baba yako, mwishoni unasema "wasalimieni watu wa Vitongoji", na mwenyewe huko akisomewa anajua salamu ni zake.

Yeye naye hakuwa na njia ya kunisemesha. Alichofanya ni kunishonea kofia.

Wanaojua kofia za viua wanajua ile si kazi ya siku moja. Kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono, na vitundu ni vingi mpaka macho yanauma. Zuwena alishona kofia nyeupe, viua vyake mfano wa makonyo ya karafuu, vile vijiti vya kichala, na mstari mmoja karibu na pindo ulikwenda upande. Shangazi yangu Bi Time ndiye aliyeniletea, akaniambia, "Huo uliopinda kaushona ana homa. Kakataa kuufumua. Kasema ndiyo alama yake."

Nilisafiri nayo kichwani, nikafika nayo kwenye baridi.

Sasa Leningrad. Mwalimu wetu wa Kirusi, mama mmoja wa makamo tukimwita Mwalimu Galina, alitutoa siku ya Ijumaa kwenda kuuona mji wa zamani. Tulikuwa kundi la wanafunzi, Waafrika na Waarabu, kila mmoja kavaa koti la kuazima. Mimi juu nilikuwa na kofia la sufu, ndani yake kofia ya Zuwena.

Wakuu, ule mji ni mzuri, tusidanganyane. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, ya manjano, ya kijani, ya waridi, na kila dirisha limetiwa nakshi. Mto wao mpana, maji meusi. Ng'ambo kuna ngome kwenye kisiwa, na ndani yake kanisa lenye mnara mrefu uliopakwa dhahabu, humo wamezikwa wafalme wao. Mwalimu Galina alieleza kila jiwe. Nani kajenga, nani kabomoa, nani kauliwa.

Nikaona haya kimoyomoyo. Kwetu yapo magofu ya Pujini, ya watu waliotawala zamani, na mimi nilikuwa nayapita nikienda zangu Chake Chake wala sigeuki. Nimekuja kufundishwa kutazama kuta kuukuu na Mrusi.

Tukiwa tumesimama kwenye ile ngome, ghafla mzinga ukalia, dum. Nikamgeukia mwenzangu Msudani nikamwambia, "Mwezi umeandama."

Maana kwetu mzinga ni Ramadhani au Sikukuu. Kumbe wale wanapiga kila siku kutangaza saa sita ya mchana. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Basi tulipotoka ngomeni ndipo nikaliona kuba la buluu, na minara miwili. Nikamuuliza mwalimu kwa kile Kirusi changu cha kuokoteza. Akasema ndiyo, ni msikiti, lakini haumo kwenye matembezi yetu. Nikamwambia leo Ijumaa. Alinitazama kidogo, akasema wao watakaa kunisubiri darajani.

Ndani walikuwa wazee watupu, Watatari, na safu hazikujaa. Nikavua lile kofia la sufu, nikabaki na ya Zuwena, nikaingia safuni.

Tulipotoa salamu ya kumaliza sala, mzee wa kuliani kwangu hakunyanyuka. Alikuwa ananitazama kichwani. Tukapeana mkono, "Assalamu alaykum", na huo ndio ukawa mwisho wa lugha yetu. Kirusi changu hakifiki mbali, Kitatari ndiyo kabisa, na yeye Kiarabu chake ni cha kusalia tu.

Akaigusa kofia kwa kidole. Akauliza, "Makka?"

Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Pemba."

"Pemba," akasema naye, na machozi yakaanza kumtoka. Nadhani aliona Pemba ni mtaa huko huko Makka. Nikatikisa kichwa tena, nikarudia Pemba, Pemba, na yeye anaitikia Pemba, Pemba, analia. Mtu mweusi, Muislamu, kofia nyeupe yenye vitundu kama vile, katokea wapi kama si Makka? Yule mzee kuhiji hakuwahi, na kwa hali ya nchi yao wakati ule alishajua hatakwenda.

Akaitoa kichwani kwangu taratibu. Akaiweka machoni. Akaanza kusema kwa sauti ndogo, ule wito wa mahujaji, "Labbayka Allahumma labbayk."

Niambieni wakuu, ningeidai vipi?

Akavua yake, ya mahameli nyeusi iliyotiwa nyuzi za kijani, akanivisha. Ilikuwa bado ina joto la kichwa chake. Akanishika mashavu, akaniombea dua, akaondoka na kofia ya Zuwena kaikumbatia kifuani.

Nilitoka pale nikaenda darajani kwa wenzangu. Mwenzetu mmoja alikuwa na kamera, akatupiga picha. Mwalimu Galina kati, mimi ubavuni kwake, na kofia nyeusi kichwani.

Ile picha nikaipeleka nyumbani, baba aone mwanawe kafika wapi.

Baba akafurahi mno. Kwa furaha yake akaitembeza Kengeja nzima, kisha akampa mtu wa lori aifikishe Vitongoji kwa wakwe.

Hapo ndipo lilipoharibika jambo. Kule hawakutazama daraja wala mto. Walitafuta kofia. Wakaona kofia nyeusi isiyojulikana, na mwanamke wa Kirusi pembeni. Mwalimu Galina angeweza kunizaa, lakini kwenye picha ndogo ya rangi moja nani atamjua umri? Maneno yakapita kisima kwa kisima, kaoa huko, kavishwa kofia ya kwao, dini kaitupa. Baba yake Zuwena alikuwa mtu wa msikitini. Akairudisha posa.

Kofia iliyonitoka msikitini ndiyo iliyofanya isemwe kuwa nimetoka msikitini. Jamani.

Mimi nilikuja kuambiwa na kijana wa Wete aliyeletwa masomoni baadaye. Tuko kwenye foleni ya chakula, akanambia, "Pole, yakhe. Zuwena kaolewa, mwezi wa pili huu." Nilikuwa na sahani mkononi. Niliirudisha tupu.

Mtauliza kwa nini nilikuwa sijamweleza mapema habari ya kofia. Ningemweleza kwa nani? Yeye haandikiwi. Nimwandikie baba yake kuwa kofia aliyoshona mwanao kwa homa nimeigawa? Nikasema nitamsimulia mwenyewe siku nikirudi, tukishakuwa mke na mume. Ndivyo nilivyopanga.

Nilirudi, nikaoa, mke mwema, Mungu amrehemu. Kunung'unika siwezi. Lakini nitasema kweli kama nilivyoahidi moyoni nilipoanza kuandika: Zuwena hakupata kunitoka.

Miaka michache nyuma kulikuwa na harusi Vitongoji. Nikaenda, na kichwani nilikuwa na ile kofia nyeusi. Mchana watu wameshakula, nikaitwa barazani. Alikuwa yeye. Mjane, miwani minene, miguu kainyoosha kwenye mkeka.

Akasema, "Bwana Khamis, ndiyo hii?"

Nikajua anauliza nini. Nikakaa, nikamsimulia yote, mzinga, msikiti, mzee, labbayka. Kisha akanyoosha mkono nikampa kofia. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, pole pole, kama fundi wa zamani.

"Hii nayo kashonewa na mtu," akasema. "Hebu tazama hapa. Huyu ni mkewe, au binti yake."

Sikuwa nimepata kuliwaza hilo miaka yote.

"Na aliporudi kwake lazima kaulizwa, kofia yako i wapi? Akaeleza, yakaisha."

Nikamwambia, "Bi Zuwena, mie sikuwa na njia. Yule mzee nalimkatalia kuwa si ya Makka, hakunifahamu. Kirusi nalikuwa sikijui."

Akanirudishia kofia.

"Kirusi ulikuwa hukijui, haya. Na Kipemba?"

Akaita mjukuu aniletee kahawa, tukazungumza habari za mvua. Mwaka uliofuata tukamzika hapo hapo Vitongoji, nami nilikuwamo kwenye mazishi.

Wakuu, sina mengi ya kufundisha. Aibu tumelelewa nayo na ni nzuri, lakini isikuzibe mdomo kwa mtu anayekungoja. Leo mna simu, na bado nawasoma humu mkiandika "namsubiri aanze yeye". Haya, subirini.

Aliyewahi kupoteza mtu kwa neno moja ambalo hakulisema, aandike hapa chini, nitasoma kila komenti. Miwani ninayo.

Na wewe mkuu uliyeweka zile picha, ukirudi tena huko, ngome ukishaiona, vuka uende kwenye msikiti wa kuba la buluu. Ukiona kofia nyeupe kuukuu, makonyo ya karafuu, mstari mmoja wa pindoni umekwenda upande, labda kavaa mjukuu wake, basi mpe salamu zangu.

Ila usimwambie kuwa si ya Makka.